Siku moja kwenye gari la dharura: umeme ukikatika Dar es Salaam

Saa 1:00 asubuhi. Sisi mafundi wa umeme tunapokea gari kutoka zamu ya usiku. Cha kwanza kukaguliwa ni glavu za mpira: unazikunja kuanzia mdomoni hadi hewa ijae vidoleni, kisha unasogeza shavuni. Ukihisi hata upepo wa tundu la sindano, glavu hiyo haipandi nguzoni.

Saa 2:20, Sinza. Upande mmoja wa barabara umeme upo, ng'ambo feni zimesimama. Huo si mgao, ni fyuzi ya fezi moja (mojawapo ya nyaya tatu zinazoleta umeme) kwenye mashine umba, yaani transfoma. Swali halikosekani: Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, sasa hiki nini? Bwawa haliwezi kuokoa fyuzi ya mtaani. Mashine yenye uwezo wa kVA 200 hutoa takriban ampea 289 kwa kila fezi, lakini nyumba mpya huungwa kwenye waya ulio karibu, hivyo fezi moja inabeba mtaa huku mbili zikipumzika. Wapo wanaoweka kipande cha waya badala ya fyuzi. Hapo kinachoungua ni mashine yenyewe, na kuibadilisha ni winchi, lori na siku nzima, tena kama ipo stoo. Tunahamisha nyumba 11 kwenda fezi ya njano.

Saa 5:00, Kunduchi. Nguzo inafuka moshi. Chumvi ya bahari imeganda kwenye vikombe vinavyotenga waya na nguzo, na manyunyu ya alfajiri yameilowesha tu. Mvua kubwa huiosha. Manyunyu huigeuza njia, umeme ukatambaa juu ya kikombe hadi kwenye mbao. Kituo cha kupozea umeme kinazima laini, tunapima, tunafunga ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) pande zote mbili. Ndipo mtu anapanda.

Saa 9:00. Kiota cha kunguru, nusu yake waya wa kufungia nondo. Ndicho kilichofanya umeme uwake na kuzimika mara tatu.

Saa 1:15 usiku. Nyumba ya fezi tatu: taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi, za kingine zimefifia. Nyutro, waya wa kurudishia umeme, imelegea, volti 230 zinaweza kupanda kuelekea 400. Zima swichi kuu kwanza, runinga baadaye.

Saa 2:30. Tunarudi Sinza, maana mzigo wa asubuhi hudanganya, wa usiku ndio halisi. Klampu mita, kipimo cha ampea, inasoma kwa kila fezi: nyekundu ampea 240, njano 215, buluu 228.