Houston walimchagua Hakeem kabla ya Jordan na mpaka leo hawajajuta

Huu mwaka wa tisa niko hapa Houston na Kiingereza cha watu wa hapa nimejifunzia kwenye ubishi wa basketi, kwenye chumba cha kula cha ghala tunalofanya kazi. Tuko shifti ya usiku, breki yetu kubwa ni saa nane usiku (nyumbani Dar hapo ni saa nne asubuhi, mama yuko sokoni), dakika 30 tu, na hizo dakika 30 kila siku ya Mungu lazima ziishie kwenye swali moja, nani mchezaji bora wa NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani, wa wakati wote.

Kuna kijana wa miaka 23, huyo kwake ni LeBron na hataki kusikia kingine. Ana pointi zake mdomoni kama mtu anayesoma aya, ubingwa 4, MVP (mchezaji bora wa msimu) 4, fainali 10, Februari 2023 kavunja rekodi ya Kareem Abdul-Jabbar ya pointi 38,387 iliyokaa karibu miaka 40, mwaka uliofuata kavuka pointi 40,000, na fainali ya 2016 katoka nyuma kwa mechi 3-1 akawapiga Golden State waliokuwa wameshinda mechi 73 msimu ule. Kusema kweli ukisikiliza vizuri huna cha kumjibu. Afu kuna dada mmoja wa Mombasa, yeye ni Stephen Curry tu, anasema huyo ndo kabadilisha mpira wenyewe, watoto wote sasa wanarusha kutoka mbali.

Na kuna Mzee. Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Third Ward, mtaa wa hapa hapa Houston, ana miaka 60 na kitu. Mi namwita Mzee toka siku ya kwanza kwa sababu siwezi kumwita mtu wa umri wa baba yangu kwa jina tupu, akaniuliza maana yake nini, nikamwambia, tangu hapo kila mtu ghalani anamwita Mzee hata Wamexico. Mzee habishani sana. Anakula chakula chake, anawaacha mnapiga kelele, mkinyamaza anasema jina moja, Hakeem.

Zamani nilikuwa naona Mzee anaongea mapenzi ya mji wake tu. Mi nimekulia Upanga, pale jirani na viwanja vya Don Bosco, enzi zile timu za Pazi na Vijana wakikutana watu wanakaa mpaka juu ya ukuta, na sisi watoto Jordan tulimjua kwa fulana kabla hatujawahi kumuona akicheza hata dakika moja. Fulana nyekundu ya Chicago Bulls namba 23 ya mitumba, aliyekuwa nayo mtaani alikuwa kama waziri. Kwahiyo nilikuja Marekani na jibu langu tayari liko kichwani, ubingwa 6 kwa fainali 6, mchezaji bora wa fainali mara zote 6, mfungaji bora wa ligi misimu 10, mjadala umefungwa.

Sasa sikilizeni hoja ya Mzee. 1984 kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Houston walikuwa wa kwanza kuchagua. Wakamchukua Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos aliyekuwa anasoma chuo kikuu hapa hapa Houston. Wa pili Portland, wakamchukua Sam Bowie. Wa tatu ndo Chicago wakampata Jordan. Miaka 40 na zaidi watu wanawalaumu Portland, wanawasikitikia Portland, hakuna mtu hata mmoja anayewalaumu Houston. Mzee anauliza, kama Jordan yuko juu ya kila mtu kwa umbali huo mnaosema, mbona aliyemruka mwanzo kabisa hajawahi kuambiwa kakosea? Niliikalia hiyo hoja wiki nzima naendesha gari nayo, sikupata jibu.

Najua mtakachosema, ubingwa wa Houston 1994 na 1995 ulikuja kwa sababu Jordan alikuwa ameenda kucheza besiboli. Wa 1994 sawa, hakuwepo. Lakini Machi 1995 alirudi, akacheza mechi 17 za mwisho wa msimu, akaingia kwenye mtoano na Bulls wakatolewa na Orlando ya Shaq. Hao hao Orlando wakaja fainali kukutana na Houston wakafungwa 4-0. Mtasema Jordan alikuwa bado hajakaa sawa, nakubali, mtu aliyekaa nje karibu misimu miwili hawezi kurudi siku moja akawa yule yule. Ila msiseme hakuwepo.

Na njia ya Houston mwaka ule haikuwa nyepesi, waliingia mtoano wakiwa namba sita upande wa magharibi, mpaka leo hakuna bingwa aliyetoka chini zaidi ya hapo. Utah, Phoenix (walikuwa nyuma 3-1 wakageuza), San Antonio, Orlando. San Antonio walikuwa na David Robinson ambaye ndo kapewa MVP ya msimu huo, amekabidhiwa kikombe chake mbele ya mashabiki wake, afu Hakeem akamfunga zaidi ya pointi 35 kwa wastani kila mechi kwenye mechi sita.

Kinachonivuta mimi zaidi ni kwamba alikuwa anacheza pande zote mbili za uwanja. Bloku (kuzuia mpira wa mtu anayerusha golini) 3,830, hakuna aliyemzidi, na kuiba mipira zaidi ya 2,000, senta, mtu wa futi 7! 1994 alichukua MVP, beki bora wa ligi na mchezaji bora wa fainali vyote msimu mmoja na hakuna mwingine aliyewahi, hata Jordan. Kaka mmoja wa Bukavu hapo kwetu kila nikitaja bloku anadakia, "Na Mutombo eko wapi mu hiyo liste yenu?" na ana haki, Mutombo ni wa pili kwa bloku 3,289, mtoto wa Kinshasa, akamalizia mpira wake hapa hapa Houston na kule nyumbani kwao akajenga hospitali kwa jina la mama yake. Siku alipofariki, Septemba 2024, huyu kaka alikuja kazini hakuongea, breki nzima kakaa kimya na sisi tukakaa nae kimya. Bloku za kwanza na za pili kwenye historia yote ya NBA ni za Waafrika, yani tulioambiwa mpira huu si wetu.

Ila hapo lazima niwe mkweli, bloku zilianza kuhesabiwa rasmi msimu wa 1973-74. Bill Russell, senta wa zamani wa Boston, ana ubingwa 11 kwa misimu 13 na kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia, bloku zake hazijaandikwa popote. Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 mechi moja mwaka 1962, naye bloku zake zimepotea. Mstari wa pointi tatu umeletwa 1979, sasa unamlinganishaje mtu wa kabla na Curry? Ndo maana mi siku hizi mtu akiniletea orodha ya namba tu namuuliza, hizi namba zilianza kuandikwa lini.

Kuna jambo lingine la Hakeem ambalo wenzangu hawalibebi kwa uzito ninaoubeba mimi. Alikuwa anafunga saumu. Ramadhani inaingia katikati ya msimu, mechi nyingine ni za mchana, yeye anacheza bila hata tone la maji. Februari 1995 ilikuwa karibu yote Ramadhani na akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa nilibeba maboksi nimefunga, nilikuwa bado zamu ya mchana, Mzee akaona situmii chupa yangu ya maji akaniuliza, nilipomwambia akasema, "Kama Dream," jina la utani la Hakeem. Hakuongeza neno. Kesho yake alihamia kwenye laini yangu akawa anabeba yale mazito.

Wiki iliyopita kijana wa LeBron kamwambia Mzee hizo hadithi za zamani tu, mabeki wa enzi zile walikuwa wazito. Mzee kafuta mikono, kasimama kati ya friji na maikrowevu, kashika chungwa langu, kanigeuzia mgongo kasema nikabe. Nikasogea nikamwekea kifua mgongoni. Akacheza bega la kushoto kidogo sana, mguu wake haukuhama, mwili wangu wote ukaenda kushoto, nilipogeuka kashapita kulia na chungwa liko juu. Miaka 60 na kitu na goti lake moja limefanyiwa upasuaji! Akasema Hakeem alizitoa hizo nyayo Lagos, alikuwa kipa wa mpira wa miguu na mchezaji wa mpira wa mikono kabla hajashika basketi, na hata LeBron wako, akamwambia kijana, alipofungwa fainali na Dallas 2011 alikuja hapa Houston kufundishwa na nani?

Kijana akatoa simu. Akatafuta ile mechi ya pili na San Antonio, pale Hakeem anapomgeuza Robinson, mara huku mara kule mpaka Robinson karuka peke yake. Tukainama wote kwenye kile kioo kidogo. Akaangalia, akarudisha, akaangalia tena, akamuuliza Mzee hapo mguu wa kuzungukia ni upi. Kengele ya kurudi kazini ililia hajamaliza kuirudisha mara ya tatu.