Hatukwenda kuhani

Leo ni siku ya nne Bibi yupo kwangu, na neno lake moja bado limenikaa kifuani. Barua ya uhamisho imefika, mtoto wa mama mdogo kaolewa Jumamosi, na picha za harusi nilizowaahidi hata sijazifungua. Kila nikikaa, nasikia lile neno.

Ilikuwa Siku ya Walinda Amani, 29 Mei. Redio inaongea, Bibi yuko uani na ungo wake anachambua mchele. Nikamsimulia habari za Chancy Chitete, kwa raha zangu, kwa sababu ndiye askari ninayempenda kuliko wote wenye nishani. Novemba 14, 2018, Kididiwe, karibu na Beni. Wamalawi na Watanzania wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Kongo, wanapambana na waasi wa ADF. Koplo mmoja wa kwetu, Mtanzania, anajeruhiwa vibaya, hawezi kutembea, kabaki mahali pa wazi. Chitete, askari asiye na cheo cha kutajwa, anamfuata chini ya risasi, anamburuta hadi penye kificho, anaanza kumzuia damu. Akiwa kwenye kazi hiyo, naye akapigwa. Koplo alipona. Yeye alifariki.

Wenzangu wa wodini mnanielewa. Damu inayotoka kwa nguvu inataka mikono yako yote miwili na uzito wa mwili mzima. Mikono hiyo haishiki tena bunduki, na mgongo wako unabaki kwa yeyote anayeutaka. Mimi nazuia damu chini ya taa, mlango umefungwa, na bado kuna siku natetemeka.

Nikamalizia na nishani: Mei 2019 Umoja wa Mataifa ukamtunuku ile ya Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Kigali mwaka 1994 kisha akauawa kulekule.

Bibi hakuuliza habari ya nishani.

"Alikuwa nani wake?"

"Hakuwa mtu wake, Bibi. Mmalawi. Walikutana kazini tu."

Akapepeta, akapuliza pumba, akaangalia ungo.

"Haya. Kwa hiyo hatukwenda kuhani."

Basi. Akaendelea na mchele wake.

Angesema "hawakwenda" ningelala usingizi. Ningewaza serikali, jeshi, wakubwa. Yeye alisema "hatu". Na mimi ndiye niliyetangulia kusema hakuwa mtu wake, tena na lile "tu" mwishoni.

Kinachoniuma zaidi sijawahi kukiandika hapa. Mnakumbuka mwaka ule mdogo wangu alikuwa kulekule Kongo, na jinsi nilivyokuwa nikiwasumbua kwa hofu zangu. Habari za vifo zilipofika, nilipiga simu huku na kule na swali langu lilikuwa moja: Watanzania wangapi? Nikaambiwa wengi waliokufa ni Wamalawi. Nikashusha pumzi. Nikasema "Mungu ni mwema" kwa sauti, nikaenda kupika. Siku hiyohiyo kuna nyumba Malawi walikuwa wanaangua kilio kwa ajili ya kijana aliyemfia mtu wa kwetu, na mimi nakaanga vitunguu nikiwa na moyo mwepesi.

Jana jioni nikashindwa, nikamwambia Bibi yote. Nilitegemea anikaripie. Akacheka, akanivuta shuka. "Mke mwenzangu, unahangaika wewe." Halafu akaanza kunihesabia misiba. Babu yake alipofariki, watu walivuka ziwa kutoka Likoma, kisiwa cha Malawi, kuja kwetu Mbamba Bay, na samaki wakavu wao na ngoma zao, wakakaa hadi matanga yakaisha. Shangazi yake alizikwa Nkhata Bay, upande wa Malawi, na wa Mbamba Bay nao wakavuka. Wakubwa wanabishana mpaka upite wapi, na jina liwe Nyasa au Malawi. Bibi tangu nizaliwe namsikia akisema "ziwani", basi.

Akaniambia nimtajie jina tena. Nikataja. Akalirudia mara tatu, polepole, kama anayejifunza namba ya simu.

Mnajua sala yake ya usiku, ile ndefu ya kutaja marehemu wote wa ukoo mmojammoja. Nilikuwa nimeshasinzia. Baada ya Babu, baada ya mjomba aliyezama, nikasikia: "na Chancy, na mama yake." Nikalala pale gizani machozi yanaingia masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu Siku ya Walinda Amani kifua kikaachia.

Asubuhi hii alinimiminia chai. Nusu ya kwanza iliingia kikombeni, nusu ya pili mezani. Alipojaribu tena, ikawa vilevile, na akafuta haraka kabla sijasema neno. Jicho la kushoto lina ukungu, nimeliona leo kwenye mwanga wa dirisha. Nimebakiza wiki mbili kabla ya kuripoti kituo kipya, na yeye anasema haoni shida yoyote.