Ukisoma shairi la Kiingereza cha zamani, tafuta kitenzi kwanza

Watu wengi hapa Mombasa wakishika shairi la Kiingereza la zamani wanakimbilia kamusi, na mimi nasema shida kubwa si msamiati, ni mpangilio. Maneno mengi unayajua ila yamekaa kusiko kwake, mtendwa katangulia, kitenzi kiko huko nyuma, mtendaji hata humuoni. Na hii kitu sisi tunaijua jamani, si ndiyo ile kuboronga sarufi tuliyosoma kwenye ushairi wetu? Muyaka wa hapa hapa Mvita alikuwa akipindua sentensi vile mizani na vina vinavyotaka na hakuna anayeshangaa. Kule mshororo wao wa kawaida una silabi 10 na mkazo una mahali pake, basi maneno ndiyo yanasogezwa.

Chukua Paradise Lost ya John Milton, 1667. Mishororo mitano mizima anataja uasi wa mtu wa kwanza, tunda, mauti, kupotezwa kwa Edeni, na bado hujui kunafanyika nini, mpaka ufike wa sita ndio unakutana na "Sing", kumbe alikuwa anaomba aimbiwe hayo yote! Ukishakipata hicho kitenzi rudi juu usome upya, utaona kila kitu kimekaa sawa.

Lakini mshororo ninaoupenda zaidi ni wa Thomas Gray, kwenye lile shairi lake la makaburini la 1751: "And all the air a solemn stillness holds". Sasa hapa nani kamshika mwenzake, hewa imeushika ukimya ama ukimya umeishika hewa? Kiingereza hakikwambii, manake nomino zote mbili ni umoja na ile s ya "holds" inazifaa zote, na mpangilio ambao ndio ungetuamulia mshairi ashauvuruga. Kwetu ngeli zinasema papo hapo. Acha maneno yakae vile vile, "hewa yote ukimya unaishika", "hewa yote ukimya inaushika", viambishi tu vimebadilika na mtendaji ashajulikana.

Mimi naona ukimya ndio ulioshika. Mshororo wa juu yake kitenzi "fades" kimetangulia, mandhari inayofifia ikaja baadaye, kwa hivyo Gray ashatuzoesha kumtafuta mtendaji nyuma, halafu wa chini yake kuna mdudu anaruka akivuma na ukimya unakatika pale alipo tu. Kama wewe unaona ni hewa sarufi haikukatazi, soma ubeti wote kwa sauti halafu uniambie kwa nini.