Mlishe nyenje kwanza, ndipo umlishe geko

Geko wengi wanaofugwa Dar hawafi njaa. Wanakula vizuri, mkia unanenepa, kisha taya linaanza kulegea kama mpira, miguu inapinda na tumbo linaburuzika sakafuni. Ni ugonjwa wa mifupa wa kukosa kalsiamu, na mara nyingi umeanzia kwenye kopo la nyenje.

Hapa nazungumzia geko chui, mjusi mdogo mwenye madoadoa, aliyezaliwa kwa wafugaji. Wa porini waacheni porini, hasa yule wa buluu wa msitu wa Kimboza kule Morogoro, ambaye tangu 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mjusi anahitaji chakula chenye kalsiamu karibu mara mbili ya fosforasi. Nyenje ana kinyume chake: fosforasi yake ni mara kadhaa ya kalsiamu. Mabuu ya unga, wale wa rangi ya dhahabu wanaokulia kwenye pumba, wako pabaya zaidi. Fosforasi ikizidi, kalsiamu haifyonzwi vizuri utumboni na mwili unaanza kuchota akiba ya mifupani. Kwa hiyo geko akionekana dhaifu, kumwongezea nyenje watupu hakumsaidii kitu.

Funza wa inzi chuma ndiye tofauti. Ana kalsiamu nyingi mwilini, na siku hizi wapo watu jijini wanaomzalisha kwa ajili ya kuku na samaki. Uliza kwanza amelelewa kwenye nini. Aliyetoka kwenye taka za soko mkalishe siku mbili kwenye pumba safi, kisha mwoshe. Ngozi yake ni ngumu na wengine hutoka kwenye kinyesi bila kumeng'enywa, basi achanganywe na nyenje, asiwe chakula pekee.

Tumbo la nyenje ni mfuko wa kubebea chakula. Saa 24 hadi 48 kabla ya kumtoa, mpe mchanganyiko huu: gramu 100 za chakula cha kuku wa mayai na gramu 15 za unga laini wa kalsiamu kaboneti, kama vijiko vitatu vya chai. Chakula cha kuku wa mayai peke yake kina kalsiamu ya asilimia 4 hivi, kiwango kidogo kwa kazi hii. Ukiongeza hizo gramu 15 unafika karibu asilimia 9. Usiwape kwa wiki nzima, maana kalsiamu nyingi hivyo huwaua nyenje wenyewe. Siku za kawaida wale chakula cha vifaranga. Maji wayapate kwenye kipande cha karoti, boga au sukuma wiki iliyooshwa sana, kwa sababu kwenye kisahani cha maji watazama. Mchicha uacheni kwenye sufuria: una oksaleti, inayoishika kalsiamu isitumike.

Sasa unga wenyewe, na hapa ndipo watu wanapokosea dukani. Duka la vyakula vya mifugo litakuuzia chokaa ya mifugo, ambayo ndiyo kalsiamu kaboneti, na pia litakuuzia DCP, yaani fosfati ya kalsiamu. DCP ina fosforasi ndani yake, kwa hiyo hairekebishi hesabu tunayoihangaikia. Chokaa ya mifugo inafaa ikiwa laini. Ile ya chembechembe haimshiki mdudu. Chokaa ya kupaka ukuta usiiguse kabisa, inaunguza mdomo na macho.

Bila kununua kitu, unaweza kutumia maganda ya mayai: chemsha dakika 10, toa utando wa ndani, anika, saga kwenye blenda, kisha chekecha kwa kitambaa cha nailoni. Mimi nauona mfupa wa dome ni bora zaidi. Ufukweni Kigamboni unaokotwa bure, mweupe na mwepesi. Uloweke kwenye maji baridi siku mbili ukiyabadilisha ili chumvi itoke, uanike hadi ukauke kabisa, halafu ukwangue upande laini kwa kisu. Unapata unga kama poda ya mtoto, na unashika.

Kupaka ni kazi ya dakika moja. Watie nyenje kwenye kikombe cha plastiki chenye mfuniko, kiweke kwenye friji dakika tatu ili wapunguze kuruka, nyunyiza unga kidogo tu wa kushika kwa vidole viwili, kisha zungusha kikombe polepole. Wawe kama dagaa waliopitishwa kwenye unga kabla ya kukaangwa. Wakiwa weupe pe, geko ataonja mmoja na kugeuza kichwa. Wape hapo hapo. Nyenje hujisafisha kwa miguu na mdomo, na akizurura kwenye boksi muda mrefu anafika kinywani karibu mtupu. Ndiyo maana unga mzuri unaishia sakafuni na mwenye geko anaapa kwamba alipaka.

Mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya geko. Mdogo ale kila jioni, nyenje watano hadi saba. Mkubwa mara tatu kwa wiki, sita hadi wanane. Kalsiamu tupu ipakwe kila mlo. Vitamini yenye D3 (inayosaidia mwili kufyonza kalsiamu) na retinoli (vitamini A), iliyotengenezwa kwa reptilia, mara moja kwa wiki kwa mdogo, na kila wiki mbili kwa mkubwa. Vitamini za kuku za kuyeyusha kwenye maji hazifai, kipimo chake ni cha lita na si cha mjusi wa gramu 60. D3 ikizidi, kalsiamu hujijenga kwenye figo na mishipa. Wanaotegemea jua la asubuhi wajue kioo kinazuia miale inayotengeneza D3, na boksi la kioo juani ni oveni. Tumia kizimba cha wavu chenye kivuli upande mmoja, dakika 15 zinatosha.

Masika unga unavuta unyevu na kuganda. Unga wenye mabonge haushiki, hivyo weka wa wiki mbili tu kwenye kichupa, uliobaki ufungwe vizuri na punje za mchele ndani ya kitambaa. Vitamini iliyofunguliwa zaidi ya miezi sita itupwe.

Mende wa nyumbani na panzi wa bustanini, hapana. Jiji hili linapulizwa dawa ya mbu, mende na kunguni kila upande, na hujui jirani amepuliza lini. Kumbikumbi wa mvua ni sawa mara moja moja kama hawakutoka kwenye taa iliyopulizwa dawa. Senene wa pakiti ni wa kwenu, wana chumvi. Kimetameta ni sumu, mmoja tu anaweza kumuua mjusi.

Baada ya dakika 20 toa nyenje waliobaki, kwa sababu usiku wakiwa na njaa humtafuna geko vidole na kope. Warudishe kwenye ndoo yao yenye trei za mayai na dirisha la wavu wa chuma, si chandarua, maana wanakitoboa. Miguu ya meza isimame kwenye vikopo vya maji yenye sabuni. Sisimizi wa Dar wakiigundua ndoo hiyo saa nne usiku, asubuhi utakuta mabawa tu.