Lile jukwaa tupu la Trafalgar
Hivi mnajua pale Trafalgar Square, London, kuna jukwaa la sanamu lilijengwa 1841 likakaa tupu zaidi ya miaka 150, kisa hela ya sanamu ya mfalme William wa Nne haikutosha? Siku hizi linawekwa kazi moja kwa muda afu inapisha nyingine. Wasanii wanaleta mifano midogo, wananchi wanaiona na kutoa maoni, kamati ndo inachagua, hela inatoka ofisi ya meya na baraza la sanaa. Hapo kwenye kuonyesha kwanza ndo napapenda mno, maana huku kwetu unaamka tu unakuta sanamu ishasimama kipilefti, hamna aliyekuuliza. 2022 ikapanda kazi ya msanii Samson Kambalu wa Malawi, sanamu ya John Chilembwe, yule mchungaji wa Malawi aliyeongoza uasi dhidi ya wakoloni Waingereza 1915, na kofia yake kichwani enzi ambazo Mwafrika alikatazwa kuvaa kofia mbele ya mzungu, tena mkubwa kuliko mmisionari mzungu aliyesimama pembeni yake, aisee nilivyoona picha machozi yalinitoka.