Staji yangu kwenye kampuni kubwa ya mitandao: daftari njo lilinisaidia

Mi nasoma elektroniki hapa Lubumbashi, Kongo, na mwaka jana nilifanya staji, yaani mazoezi ya kazi, ya miezi 3 kwenye kampuni moja kubwa ya teknolojia ya simu na intaneti, jina naliacha. Wadogo zangu wa fakilte wananiuliza kila siku nilifanya je mpaka nikatoka na kitu, basi wacha niandike vile ilikuwa, maana wengi wetu tunapewa kiti, tunakaa pale na telefone mpaka siku zinaisha, halafu raporo tunakopia kwa waliotutangulia.

Kuingia kwenyewe, nilipeleka barua 6. Ile moja iliyojibiwa ni ile niliyoifuata kwa miguu yangu: barua ya fakilte pamoja na pointi zangu za miaka 2, nikamwachia mama wa resepsio, na kila Jumanne nilipita kumsalimia na kumuuliza tu, "Mama, barua yangu imefika wapi?" Jumanne ya tano akanipandisha mwenyewe kwa shefu wa ufundi.

Wiki mbili za kwanza ziliniuma. Nilikuwa kwenye chumba cha ekra, yaani skrini, pale wanafuatilia minara yote ya simu, lakini sikuwa na akaunti ya kuingia kwenye komputa, na kila mtu alikuwa na kazi yake. Pesa ya transpor hakuna, asubuhi napanda taksibusi, jioni natembea toka katikati ya mji mpaka komini yetu ya Kenya, humu humu Lubumbashi, nafika nyumbani mama ameshasonga bukari, ananiuliza leo umejifunza nini, nakosa jibu. Swali hilo njo lilinifanya ninunue daftari.

Kulikuwa na papa mmoja, yaani mzee, fundi wa miaka mingi, yeye anaita wasichana wote wadogo "mama" vile wazee wa kwetu wanafanya. Nikamwomba kitu kimoja tu: kila siku anieleze alarmu moja, yaani taarifa inayotokea kwenye ekra kitu kikibadilika kwenye mnara, moja tu, hata kwa minuti 5 wakati wa chai. Akacheka kidogo, akasema, "Sawa mama, lakini utaandika, na kesho utanieleza weye." Na kweli kesho yake aliniuliza mbele ya watu wote.

Kupitia huyo papa nilianza kuona mambo ambayo darasani yalikuwa michoro tu. Vyombo vya mnara vinakula umeme wa volti 48, na umeme wa mji ukikatika mnara hauzimi pale pale, batri zinaushikilia mpaka jenereta iwake. Sasa kila hatua inatoa alarmu yake: umeme umekatika, alarmu, batri zimeanza kutumika, alarmu, jenereta imewaka, alarmu, umeme ukirudi tena ingine. Ndiyo kusema jambo moja linaandikwa mara 4, 5 au hata zaidi kwenye ekra, na usiku wa delestaji, yaani mgao wa umeme, ile orodha inajaa mpaka mtu wa zamu macho yanachoka, na pale katikati kunaweza kujificha mnara mmoja ambao kweli uko karibu kufa.

Hiyo njo niliichukua kama kazi yangu, hakuna aliyenituma. Nilinakili orodha ya usiku mmoja kwa mkono, mistari 214, nikaipanga kwa rangi, kila mnara na saa zake, nikabaki na mambo 37. Shefu alipoona lile daftari alinipa faili za Excel, siyo akaunti, faili tu, na hiyo ilinitosha. Nyumbani, kwa komputa ya kaka yangu, usiku umeme ukikuja, niliandika programu kidogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ya kukusanya alarmu za mnara mmoja zinazofuatana ndani ya minuti 10 na kuzifanya mstari mmoja.

Toleo la kwanza lilikuwa na kosa baya. Papa aliangalia karatasi yangu muda mrefu, akaweka kidole: "Mama, na huyu hapa?" Jenereta ya mnara ule ilikuwa imekataa kuwaka, na programu yangu ilikuwa imeimeza ndani ya ile "umeme umekatika" kama kitu cha kawaida. Siku hiyo sikula. Nilirudi kuandika upya, jenereta ikikataa mstari wake unabaki peke yake tena juu kabisa, na batri ikishuka pia.

Wiki ya nane walinichukua kwenye barabara ya kwenda mji wa Likasi, fibri inayobeba intaneti ilikatika. Fibri ni uzi wa kioo, unene wake pamoja na ganda la kioo ni mikromita 125 (mikromita 1000 ni milimita moja), na ile njia ya mwanga ya katikati ni karibu 9 tu. Kuna mashini inatupa mwanga ndani ya uzi na kupima muda ambao mwanga unatumia kugonga pale pamekatika na kurudi. Ndani ya kioo mwanga unakimbia kama kilometa 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilometa ni maikrosekunde 5 kwenda na 5 kurudi. Mashini ikasema kilometa 23. Mi nikafikiri tutasimama kilometa 23, kumbe papa alimwambia dereva apunguze mwendo tukiwa bado kwenye 21, sababu fibri ni ndefu kuliko barabara: kwenye kila shimo la ukaguzi wanaacha mizunguko ya akiba, na mashini inahesabu hiyo yote. Tukakuta tingatinga limechimba mfereji, ule uzi unatoka udongoni kama mzizi. Nilishika taa wakati wanausafisha, wanaukata, wanauunga kwa moto wa umeme, uzi kwa uzi, chini ya hema ili vumbi lisiingie, na papa hakusema neno mpaka wa mwisho ukaungana. Mi naona hapo njo nilijua nataka kazi hii.

Raporo yangu niliiandika juu ya zile alarmu tu. Ankadreri, yaani mwalimu wa fakilte anayesimamia staji, alitaka nieleze mtandao mzima, nikamwomba kwa heshima nibaki kwenye kile nilichokigusa kwa mikono yangu, nikamwonyesha daftari, akakubali.

Siku ya mwisho papa aliniomba lile daftari akatoe fotokopi. Alilirudisha jioni, na nyuma yake alikuwa ameandika kwa kalamu yake alarmu 3 ambazo hatukuwahi kuzizungumza, bila maelezo. Mbili nimeshazielewa. Ile ya tatu bado naitafuta.