Babu na Willie Mays

Jamani, zamu ya leo imenichosha lakini nimetoka nacheka.

Mnajua natunza wazee hapa Minneapolis. Kuna babu mmoja, maneno kwake ni ya kupimwa. Leo TV ilikuwa inaonyesha besiboli, nikamchokoza: "Babu, mkali wao wote ni nani?"

Weee! Akafunguka.

Willie Mays! Mwaka 1951, kijana wa miaka 20 kutoka Alabama, alichezea timu ya Millers ya hapahapa mechi 35 tu. Wastani wake wa kupiga ukawa .477 (wenzake wakifika .300 wanashangiliwa). Mwezi Mei New York Giants, timu ya ligi kuu, wakamchukua, na mwenye Giants akalipia tangazo gazetini kuwaomba radhi mashabiki wa Minneapolis. Sisi nani aliwahi kutuomba radhi kwa kuuza mchezaji?

Kule New York mambo yakagoma. Mara 12 za mwanzo za kupiga, patupu. Kisha akautoa mpira nje ya uwanja mbele ya mrushaji Warren Spahn, halafu ukame tena. Akalia, akaomba arudishwe Minneapolis. Kocha Leo Durocher akakataa katakata. Msimu ulipoisha, akapewa tuzo ya chipukizi bora.

"Alitaka kurudi KWETU," babu akasema, kisha akanionyesha Mays alivyodaka mipira ya juu. Ule mkono unaotetemeka kila siku ukapaa juu, vidole wazi, umetulia tuli. Chai yote kwenye shuka. Nikamwambia arudie!

Haya, na nyie: mzee gani aliwahi kuwasimulia mchezaji mpaka mkamwona?